Sauti Inayokwaruza: Historia ya Kusaka Kasoro katika Redio ya Programu

Zamani redio ilipokoroma, fundi aliifungua mgongo na kuifuata sauti kinyumenyume: kutoka spika hadi kikuza sauti, kutoka hapo hadi sehemu inayotenga sauti na wimbi, kisha mpaka antena. Mpangilio wa superheterodaini, uliobuniwa na Edwin Armstrong mwaka 1918, ulitawala redio kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, na kila hatua yake ilikuwa na kifaa kinachoshikika: valvu, baadaye transista, kapasita iliyovimba, spika iliyochanika. Redio ya programu iliugeuza utaratibu huo. Wimbi hupimwa mara nyingi sana kila sekunde, vipimo hivyo huwa namba, na kazi za vifaa vile hufanywa kwa hesabu ndani ya kompyuta. Tangu hapo sauti ikiharibika, hakuna kinachonuka kuungua.

Mwaka 1992 Joseph Mitola alichapisha makala iliyolieneza wazo hilo miongoni mwa wahandisi. Katika miaka hiyohiyo jeshi la Marekani lilikuwa na mradi wa SPEAKeasy, uliokusudia redio moja iige aina zaidi ya kumi zilizokuwa zikitumika, kuanzia megahezi 2 hadi gigahezi 2. Raia walifikiwa baadaye. Eric Blossom alianzisha GNU Radio mwaka 2001, programu huria ya kujengea redio, na mwaka 2002 Gerald Youngblood alieleza katika jarida la QEX jinsi kadi ya sauti ya kompyuta ya kawaida inavyoweza kuyageuza mawimbi kuwa namba.

Kadi ya sauti ilikuja na kasoro zake. Redio ya namna hiyo hupeleka mikondo miwili inayoandamana, mmoja kwenye chaneli ya kushoto na mwingine ya kulia. Mikondo hiyo ikipishana kidogo tu kwa nguvu, kituo kilicho upande mmoja wa masafa huonekana pia upande wa pili kama kivuli, na sauti mbili hupandana. Waliochomeka waya kwenye tundu la maikrofoni waliumia zaidi, kwani kwenye kompyuta nyingi tundu hilo hupokea chaneli moja tu. Rekodi ilitoka imevurugika hata kama programu haikuwa na kosa lolote.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2012. Antti Palosaari, mtunzi wa programu za Linux kutoka Ufini, aligundua kwamba king'amuzi kidogo cha televisheni cha kuchomeka kwenye USB, chenye chipu ya RTL2832U, kinaweza kutoa namba ghafi za mawimbi. Wanajumuiya wa Osmocom waliandika programu ya kukiendesha, na kifaa cha takriban dola 20 kikawa redio ya kusikiliza ndege, meli na setilaiti.

Unafuu huo una gharama yake. Chipu hiyo hupima kwa biti 8, yaani ngazi 256 tu. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 za nafasi kati ya sauti dhaifu na yenye nguvu, hivyo zote 8 hutoa karibu desibeli 48. Anayepandisha ukuzaji hadi mwisho akitafuta kituo dhaifu huizidishia chipu mzigo: vilele vya wimbi hukatwa bapa, na sauti hukwaruza. Mnara wa FM ulio jirani unaweza kuleta madhara hayo hata msikilizaji akiwa kwenye masafa mengine kabisa, kwa kuwa sehemu ya mbele ya kifaa hukuza masafa mapana kwa pamoja kabla ya kuchuja. Ndiyo maana dawa ya kwanza huwa kupunguza ukuzaji, ingawa asiyejua hufanya kinyume. Kama haitoshi, kichujio cha kuzuia FM huwekwa kati ya antena na kifaa.

Kasoro nyingine hutokana na upana wa kichujio cha programu. Kituo cha FM cha matangazo hutanuka kwa karibu kilohezi 200, na redio za mkononi za walinzi au mafundi kwa kilohezi 12.5 tu. Upana ukiwa mdogo mno, maneno hukatika na kukwaruza. Ukizidi, mvumo hujaa. Waliorekodi picha za hali ya hewa kutoka setilaiti za NOAA kwenye megahezi 137, mpaka zilipozimwa mwaka 2025, walilijua hilo vizuri: kwa kichujio cha mazungumzo picha iliingia madoa, ilhali kwa upana wa karibu kilohezi 40 ilitulia.

Kasoro za faili ni rahisi kuzitambua. Sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde ikichezwa kwa 44,100 huwa nzito na ya polepole. Kukatikakatika huashiria sampuli zilizopotea njiani kwenye USB au kompyuta iliyoelemewa. Kama sauti ya moja kwa moja ni safi na faili ni chafu, antena haina hatia.

Msaada mkubwa kuliko yote ni kurekodi namba ghafi zenyewe badala ya sauti iliyokwisha kutengenezwa. Kwa sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, RTL2832U hutoa megabaiti 4.8 kila sekunde, hivyo faili la kawaida la WAV, lenye kikomo cha gigabaiti 4, hujaa kwa dakika kama 15. Mzigo huo unastahili kubebwa: matangazo yaleyale huchezwa tena kwa kichujio kingine, au kwa AM badala ya FM, mpaka kosa lipatikane. Lakini si kila kasoro hutibika kwa njia hii. Wimbi lililokatwa kabla ya kuwa namba halirudishwi na programu yoyote, kwa hiyo ukuzaji ukaguliwe kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.