Thamani ya Mkono: Usajili wa Catfish Hunter, 1974–1979

Desemba 1974, msuluhishi Peter Seitz aliamua kuwa mmiliki wa klabu ya besiboli ya Oakland, Charles Finley, alikiuka mkataba wa mrushaji Catfish Hunter. Hunter akawa mchezaji huru, na New York Yankees ikamsajili kwa miaka 5 na zaidi ya dola milioni 3. Je, gharama hiyo ilistahili? Mwaka 1975 alishinda michezo 23, lakini alirusha vipindi 328. Baadaye mkono ulidhoofika, akastaafu mwaka 1979 akiwa na miaka 33. Hata hivyo, Yankees ilitwaa ubingwa mwaka 1977 na 1978. Insha hii inahitimisha kuwa klabu ililipia ushindi, ila kwa kuutumia mno mkono huo ilijipunguzia yenyewe faida ya mkataba.