Moshi wa dizeli: Mafuta safi na vichujio vyaweza kuokoa mapafu bila kungoja magari mapya

INJINI ya dizeli hupendwa kwa sababu haichoki upesi. Lori lililotoka kiwandani zaidi ya mwongo mmoja uliopita huuzwa, likauzwa tena, injini yake ikafunguliwa na kuundwa upya, kisha likarejea barabarani kubeba mchanga, miwa au saruji kwa miaka mingine mingi. Sifa hiyo, ambayo ni baraka kwa mfanyabiashara, ni mtihani mkubwa kwa afya ya umma. Injini chafu iliyopo leo itaendelea kutoa moshi hata baada ya sheria kali za magari mapya kupitishwa.

Kwa sababu hiyo, juhudi za kusafisha hewa ya miji haziwezi kukomea kwenye magari yanayoingizwa nchini. Sharti ziyaguse pia yale ambayo tayari yako barabarani. Njia iliyojaribiwa kwingineko ina sehemu mbili: mafuta yenye salfa kidogo, na vifaa vinavyofungwa kwenye injini kuukuu ili kunasa uchafu kabla haujafika hewani. Sehemu hizo mbili hazitengani. Moja bila nyingine huleta nusu ya faida, na wakati mwingine hasara tupu.

Masizi hutokana na nini

Injini ya dizeli ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, na ilifanya kazi ipasavyo kwa mara ya kwanza mwaka 1897. Tofauti na injini ya petroli, haina plagi ya kuwasha moto. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda hadi ikawa na joto kali, kisha mafuta hunyunyizwa kwa nguvu na kuwaka yenyewe. Kwa utaratibu huo, injini ya dizeli hutumia mafuta machache kuliko ya petroli kwa kazi ile ile.

Hata hivyo, mafuta hayo hayapati muda wa kuchanganyika sawasawa na hewa. Pale ambapo mafuta ni mengi na hewa ni haba, kaboni hubaki bila kuungua na kugeuka masizi. Napo penye joto kali mno, nitrojeni iliyo hewani huungana na oksijeni na kufanya oksidi za nitrojeni, gesi zinazowasha mapafu na kuchangia ukungu mchafu unaotanda juu ya miji.

Wingu jeusi linaloonekana nyuma ya basi ni sehemu tu ya tatizo. Chembe nyingi za moshi wa dizeli zina upana usiofikia mikromita 2.5, yaani chini ya sehemu moja kwa ishirini ya unene wa unywele. Chembe za namna hiyo hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikatua ndani kabisa ya mapafu, na zile ndogo zaidi huweza kuingia katika damu. Huzidisha pumu na huchangia maradhi ya moyo na kiharusi.

Mnamo Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni sehemu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani ya mapafu. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1988, moshi huo ulikuwa umeorodheshwa tu miongoni mwa vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Aidha, mwaka 2021 WHO ilipunguza kiwango cha chembe hizo kinachopendekezwa hewani kutoka mikrogramu 10 hadi mikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo, kwa wastani wa mwaka.

Wanaoumia kwanza ni wale ambao kazi yao iko barabarani: makanga, madereva, polisi wa trafiki, wachuuzi wa vituo vya matatu, pamoja na wanafunzi ambao shule zao zimepakana na barabara kuu.

Adui wa kwanza ni salfa

Mafuta ghafi huchimbwa yakiwa na salfa ndani yake. Isipoondolewa kiwandani, huungua pamoja na dizeli na kutoa gesi ya dioksidi ya salfa pamoja na chembe nyingine za sumu. Isitoshe, salfa huharibu vifaa vya kusafisha moshi. Vifaa hivyo hutegemea madini kama platini, ambayo hufanya kazi ya kichocheo, yaani huharakisha uunguaji wa uchafu. Salfa hufunika madini hayo na kuyapunguzia nguvu. Katika baadhi ya vifaa, salfa hugeuzwa kuwa chembe mpya, hivi kwamba kifaa kilichonunuliwa ili kupunguza uchafu kikaishia kuuongeza.

Hii ndiyo sababu kila nchi iliyofanikiwa ilianza na mafuta. Vichujio bora vya masizi huhitaji dizeli ambayo salfa yake haizidi sehemu 50 kwa kila milioni, na hufanya kazi vyema zaidi salfa inaposhuka hadi 15 au 10. Marekani ilianza kuuza dizeli ya kiwango cha 15 kwa magari ya barabarani mwaka 2006, ilhali nchi za Muungano wa Ulaya zilifikia kiwango cha 10 mwaka 2009.

Afrika Mashariki nayo ilipiga hatua kubwa Januari 2015, wakati Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilipohamia kiwango cha 50. Nchini Kenya, dizeli iliyokuwa ikiuzwa kabla ya hapo iliruhusiwa kuwa na salfa mara kumi zaidi. Mageuzi hayo yalirahisishwa na kusimama kwa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, mwaka 2013. Kiwanda hicho kikongwe hakikuwa na mitambo ya kuondoa salfa kufikia kiwango hicho, na tangu wakati huo Kenya huagiza mafuta ambayo yamekwisha kusafishwa.

Kampeni hiyo iliungwa mkono na ushirikiano wa kimataifa wa mafuta na magari safi, ulioanzishwa Johannesburg mwaka 2002 na ambao shughuli zake ziliratibiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lenye makao makuu Gigiri, Nairobi. Ushirikiano huo huo ndio uliopigania kuondolewa kwa risasi katika petroli, kazi iliyokamilika duniani kote mwaka 2021 Algeria ilipoacha kuuza petroli ya aina hiyo.

Vifaa vinavyofungwa kwenye injini kuukuu

Kifaa sahili zaidi ni kichocheo cha kuunguza moshi. Hufungwa kwenye bomba la ekzosi na hakina sehemu inayozunguka wala kutikisika. Moshi unapopita ndani yake, gesi ya kaboni monoksidi na mabaki ya mafuta huunguzwa. Kifaa hiki hupunguza chembe kwa kati ya asilimia 20 na 40, ni cha bei nafuu, na huvumilia salfa kuliko vingine.

Cha pili ni kichujio cha masizi. Hutengenezwa kwa kauri yenye vijitundu vingi mfano wa sega la nyuki. Vijitundu hivyo huzibwa kwa zamu, kimoja mbele na jirani yake nyuma, hivi kwamba moshi hulazimika kupenya kuta za kauri na kuyaacha masizi ndani. Kichujio kizuri hunasa zaidi ya asilimia 85 ya chembe.

Masizi yaliyonaswa sharti yachomwe, la sivyo kichujio kitaziba na injini kukosa pumzi. Bila msaada, masizi huungua kwenye joto la nyuzi 600 hivi za selsiasi, ambalo moshi wa dizeli haulifikii kwa kawaida. Kichocheo hupunguza joto linalohitajika hadi takriban nusu yake. Hapa ndipo penye tatizo la magari ya mjini. Lori la masafa marefu lenye mzigo hupata joto hilo kwa urahisi, ilhali basi linalosogea hatua kwa hatua katika msongamano huenda lisilipate. Kwa sababu hiyo, fundi stadi hupima kwanza joto la moshi wa gari kwa siku kadhaa za kazi kabla ya kuchagua kichujio. Magari yasiyofikia joto hilo huhitaji kichujio chenye mfumo wake wa kupasha moto.

Cha tatu ni mfumo unaonyunyiza maji ya urea katika moshi ili kugeuza oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Mfumo huu ni ghali na huhitaji urea kuongezwa kila mara, na hivyo hufaa zaidi kampuni zenye magari mengi na gereji zao wenyewe.

Funzo kutoka Tokyo

Mfano unaoeleza vyema namna mafuta na vichujio vinavyotegemeana ni wa jiji la Tokyo. Mwaka 1999, gavana wa jiji hilo, Shintaro Ishihara, alianzisha kampeni dhidi ya dizeli chafu na kuwa akiwaonyesha wanahabari chupa ya plastiki iliyojaa masizi meusi. Sheria ilipitishwa mwaka 2000, na kuanzia Oktoba 1, 2003, malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango yalipigwa marufuku Tokyo na katika maeneo jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa.

Wenye magari walipewa muda wa miaka saba tangu gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Baada ya hapo walikuwa na hiari mbili: kununua gari safi zaidi au kufunga kichujio kilichoidhinishwa, na serikali ya jiji ilisaidia kulipia sehemu ya gharama. Wakaguzi walipelekwa barabarani, na waliokaidi waliweza kutozwa faini ya hadi yeni 500,000. Kampuni za mafuta nazo zilianza kusambaza dizeli ya kiwango cha 50 Aprili 2003, miezi kadhaa kabla ya marufuku kuanza, na kiwango cha 10 Januari 2005. Chembe hewani zilipungua katika miaka iliyofuata.

Hata hivyo, mambo hayakwenda bila dosari. Novemba 2004, kampuni ya Mitsui ilikiri kwamba takwimu za majaribio ya kichujio chake zilizowasilishwa kwa serikali ya jiji zilikuwa zimeghushiwa. Vichujio zaidi ya 20,000 vilikuwa vimekwisha kuuzwa. Kisa hicho kilidhihirisha kwamba cheti cha muuzaji hakitoshi. Kifaa sharti kipimwe na mtu asiyefaidika na mauzo yake.

Kazi iliyosalia nchini

Japani ndiyo chimbuko la magari mengi ya mitumba yanayoingia Kenya, ambako sheria hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka minane kuingizwa. Hivyo basi, mengi ya magari ya dizeli yanayowasili Mombasa siku hizi huwa tayari na vichujio vilivyofungwa kiwandani. Cha kusikitisha ni kwamba wapo mafundi wanaoving'oa pindi taa ya onyo inapowaka, wakidai vinapunguza nguvu ya injini. Mwenye gari huona ameepuka gharama, kumbe ameyaachilia masizi yote yaliyokuwa yakinaswa. Mara nyingi taa hiyo huashiria tu kwamba kichujio kinahitaji kusafishwa au kwamba gari halijapata safari ndefu ya kutosha kuyachoma masizi.

Tatizo jingine ni mafuta yaliyochanganywa. Mafuta ya taa huruhusiwa kuwa na salfa nyingi kuliko dizeli ya kiwango cha 50, na hayalainishi pampu na nozeli ipasavyo. Anayeyachanganya na dizeli hubatilisha faida ya mageuzi ya 2015. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoza ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa tofauti ya bei iliyokuwa ikiwashawishi walaghai, hatua ambayo pia iliwaumiza maskini wanaoyatumia kupikia.

Kabla ya kufikiria kifaa chochote, injini yenyewe sharti iwe nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Moshi mweusi huashiria nozeli zilizochakaa, kichujio cha hewa kilichoziba au pampu iliyofunguliwa kupita kiasi. Moshi wa samawati huashiria oili inayoungua. Kufunga kichujio cha bei ghali kwenye injini ya namna hiyo ni kukiua kwa majuma machache, kwa kuwa majivu ya oili hayaungui bali hujazana ndani.

Si kila injini inayostahili gharama hiyo. Gari lililobakisha mwaka mmoja au miwili ya kazi ni heri liondolewe barabarani. Wanaofaa kutangulia ni wenye magari mengi yanayorudi gereji moja kila jioni: kampuni za mabasi, serikali za kaunti zenye malori ya taka, na kampuni za ujenzi. Huko ndiko rahisi kupima moshi, kuweka rekodi na kusafisha vichujio kwa wakati.

Nao ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya uchukuzi wa umma ungeweza kuongezewa jambo moja jepesi: kuthibitisha kwamba kichujio kilichokuja na gari bado kiko mahali pake, na kwamba hakijatobolewa. Mafuta yanayokifaa kichujio hicho tayari yanauzwa vituoni.