Nakala za Pemba: Historia ya Maktaba Zinazogawana

Kiuyu iko kaskazini mashariki ya Pemba, nchi inayochomoza baharini jirani na kisiwa cha Kojani. Jina hilo limebebwa na vijiji kadhaa: Kiuyu Mbuyuni upande wa Micheweni, Kiuyu Minungwini na Kiuyu Kigongoni upande wa Wete. Pwani yake ina maweni mengi, tofauti na ile Pemba ya mikarafuu ambayo wageni huizoea kwenye picha. Watu wanavua na wanalima, wanawake wanafunga mwani kwenye kamba maji yanapotoka, na wavuvi wa pande hizi huenda dago mbali, hadi Tanga na pwani ya Kenya.

Lugha ya watu hawa, dini yao na bahari yao vimeandikwa kwa zaidi ya miaka mia. Ila karatasi zenyewe hazikai Kiuyu. Ziko Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, London na Hamburg, na nyingine zimehifadhiwa katika mabohari ya Marekani. Mtu anayetaka kujua habari za kwao huku analazimika kutegemea jambo moja: kwamba maktaba hizo zinasemezana, zinaazimana na zinapeana nakala. Makala haya yanafuata historia ya kusemezana huko kwenye pwani yetu, kwa sababu njia iliyofuatwa ndiyo iliyoamua nani afikiwe na kitabu na nani asifikiwe.

Mwanzo wake ni mkongwe kuliko maktaba yoyote ya serikali. Mwanachuoni wa pwani akipata kitabu cha fikihi au nahau, alikinakili kwa mkono wake au alimwomba mwanafunzi amnakilie. Vingi viliwekwa wakfu. Ukifungua mswada wa namna hiyo, ukurasa wa mwanzo hukueleza nani amekitoa kitabu na kwa ajili ya akina nani, pengine wanafunzi wa msikiti fulani au wanaotafuta elimu kwa jumla, na kwamba hakiuzwi wala hakirithiwi. Hiyo ni kanuni ya kuazimisha iliyoandikwa juu ya kitabu chenyewe, ikienda nacho popote kinapokwenda. Sijaona sharti la maktaba ya kisasa lililo wazi kuliko hilo.

Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alilipanua jambo hili kwa mashine. Karibu na 1880 matbaa yake ilianza kuchapa vitabu vikubwa vya Kiibadhi. Kimojawapo ni Qamus al-Sharia, kazi ya mwanachuoni wa Oman, Jumayyil bin Khamis al-Saadi, yenye juzuu takriban 90, ingawa hazikuchapwa zote. Kingine ni tafsiri ya Kurani ya Muhammad bin Yusuf Atfayyish wa Mzab, Algeria. Tuangalie ramani hiyo: mwandishi yuko ukingoni mwa Sahara, mwingine Oman, mashine iko Unguja, na nakala zinarudi Oman, zinapanda Afrika Kaskazini na kuzagaa visiwani mwetu. Zanzibar ilikuwa kituo cha kugawa elimu, na msomaji wake wa Pemba alihesabika sawa na wa Muscat.

Karne ya ishirini ilileta utaratibu wa aina nyingine. Mwaka 1930 serikali za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ziliunda Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili. Makao yake yalihamahama: Dar es Salaam kwanza, Nairobi 1942, Makerere 1952, baadaye Mombasa, hadi ikarudi Dar es Salaam na kumezwa na Chuo Kikuu mwaka 1964, ikawa taasisi tuliyoijua kwa jina la TUKI na sasa TATAKI. Kila ilipohama, makabati yake ya karatasi yalihama nayo. Serikali nne zilichangia mkusanyiko mmoja, na huo ulikuwa ushirikiano wa kweli wa wataalamu.

Pemba iliingia humo kupitia kwa Wilfred Whiteley. Mwaka 1958 Kamati ilichapisha Kampala utafiti wake juu ya lahaja na mashairi ya Pemba, na mpaka leo hakuna mtafiti wa Kipemba anayeweza kuuruka. Maneno yalitamkwa kisiwani na kitabu kikachapwa Uganda. Whiteley mwenyewe baadaye alifundisha SOAS, London, na mkusanyiko wa miswada wenye jina lake uko huko, karibu na mikusanyiko ya William Taylor, Alice Werner na William Hichens. Hawa hawakufanya kazi peke yao. Taylor aliongozwa Mombasa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na Hichens alitegemea mkono na elimu ya Muhammad Kijuma wa Lamu. Makabati yamebeba majina ya waliopokea. Waliotoa yabidi uwatafute ndani ya karatasi.

Katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya tendi na hati kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyumba nyingi hazikuwa tayari kuachia kitabu cha babu, nazo zilikuwa na haki. Dawa ilikuwa kamera. Hati ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwenye mikrofilamu, kitabu kikabaki kwa mwenyewe. Orodha ya mkusanyiko huo ilitoka 1970, ikachapwa Leiden, Uholanzi, na iliwawezesha watu wa mbali kujua kwamba hati fulani ipo Dar es Salaam na namba yake ni hii. Kabla ya orodha, hati ilikuwa inajulikana na wachache waliokwisha kuiona.

Filamu ilibadili mambo kwa kiasi ambacho vijana wa simu za mkononi huenda wasikifikirie. Ukanda mmoja wa milimita 35 unaokaa kiganjani hubeba mamia ya kurasa, na kutoa nakala ya pili ni kazi ndogo. Mwaka 1963 maktaba za Marekani zenye idara za Afrika ziliungana katika mradi uitwao CAMP, ukiwa chini ya Center for Research Libraries ya Chicago, ambayo vyuo vikuu kumi viliianzisha mwaka 1949 ili kila kimoja kisinunue peke yake kile ambacho kingeweza kusomwa na wote. Wanachama wa CAMP walichangia fedha, wakapiga filamu magazeti na nyaraka za Afrika, kisha wakaazimana. Katika miaka hiyohiyo Chuo Kikuu cha Syracuse kilichukua filamu za nyaraka za taifa za Kenya. Mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi Nairobi, ambayo hadi leo hukusanya machapisho ya nchi zetu na kuyagawa kwa maktaba nyingi za kule.

Ninawaheshimu wakutubi hao. Bila wao magazeti kadhaa ya zamani yangekuwa chakula cha mchwa. Lakini mpango wote ulianzia kwa mkusanyaji. Swali lililouendesha lilikuwa ni kitu gani wasomi wa Chicago, Syracuse au Washington watakihitaji, na ushirikiano wenyewe ulikuwa kati ya waliokwisha kuwa na pesa. Ndiyo maana kitabu kilichochapwa Zanzibar kinaweza kupatikana Washington na kikakosekana Wete.

Upande wetu hatukukaa kitako. Makerere ilifungua shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki mwaka 1963, na kwa miaka saba Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, hadi kilipogawanywa 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilivunjika 1977. Mwishoni mwa muongo huo Zanzibar ikawa makao ya EACROTANAL, kituo cha nchi kadhaa za kanda hii cha kutafiti masimulizi na lugha za Kiafrika. Hakikudumu, maana nchi wanachama zilikuwa na mizigo mingine, lakini kazi yake haikupotea: hati za Kiarabu na Kiswahili ilizokusanya ziliingia Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, na mtafiti wa historia ya dini visiwani huanzia hapo.

Jaribio lililonivutia kuliko yote, hata hivyo, halikuhusu miswada. Lilihusu samaki.

Mwaka 1989 ulianza mradi ulioitwa RECOSCIX-WIO, chini ya tume ya bahari ya UNESCO na kwa msaada wa Ubelgiji. Makao yake yalikuwa Mombasa, katika taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI. Wanasayansi wa bahari wa Afrika Mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi walikuwa na shida moja: majarida yalikuwa ghali, na hakuna taasisi iliyoweza kuyanunua yote. Hata ile Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar tangu 1978, ilikuwa katika hali hiyo. Mombasa ikafanywa kituo cha kupokea maombi. Mtafiti aliandika anachokitaka, tuseme habari za kuzaa kwa pweza. Wakutubi walitazama kwanza WIOLib, orodha ya pamoja ya maktaba za ukanda huu, wajue kama jirani anayo. Isipopatikana, walipekua fahirisi ya dunia ya sayansi za maji iliyokuwa kwenye diski. Makala ikishajulikana, ombi lilikwenda Ubelgiji, fotokopi ikatolewa katika maktaba ya chuo kikuu huko Diepenbeek, ikarudi Mombasa, ikatiwa kwenye bahasha na kupelekwa kwa aliyeomba.

Ilikuwa kazi ya posta na subira. Lakini kila bahasha ilikuwa na mtu aliyeisubiri. Mradi ulianzia kwa muulizaji, na hapo ndipo ulipoachana na filamu za Marekani na kukaribia ule ukurasa wa wakfu. Vilevile ulitengeneza kitabu cha majina ya watafiti wa bahari wa eneo zima, hivyo mtu wa Zanzibar na mtu wa Ushelisheli waliweza kuandikiana bila kupitia Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi hiyo ilihamia katika mpango mkubwa zaidi wa Afrika, ODINAFRICA, na intaneti ikachukua nafasi ya bahasha.

Kwa Kiuyu jambo hili lina uzito wake. Mwani aina ya kotoni, wenye bei nzuri kuliko spinosamu, umekuwa ukifa mashambani Zanzibar maji yanapopata joto, na watafiti wamelifuatilia kwa miaka mingi. Wakulima wa mwani ndio walioonyesha kamba zao, wakaeleza mwezi gani mwani ulikatika na maji yalikuwaje. Majibu yaliyopatikana yamo katika majarida, mengine yakisomwa bure mtandaoni, kama jarida la WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar. Yameandikwa Kiingereza. Aliyetoa habari hakuwekewa njia ya kuisoma ilipokomaa.

Miswada nayo imeingia zama za kidijitali. SOAS imeziweka hati nyingi za Kiswahili kwenye intaneti. Lamu, msikiti wa Riyadha aliouasisi Habib Swaleh una hazina ya vitabu, vingi vikiwa vya wakfu, na vimepigwa picha chini ya mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza 2004, kazi iliyomhusisha mwanahistoria Anne Bang wa Bergen. Sharti la mpango huo ni kwamba asili haiondoki nchini, na nakala moja ya kidijitali hubaki kwa wenyewe. Umuhimu wa sharti hilo ulionekana Oktoba 2023, wahalifu wa kompyuta walipoivamia British Library na huduma zake za mtandaoni, pamoja na picha za mpango huu, zikakatika kwa muda mrefu. Ambaye nakala ilikuwa nyumbani kwake hakuhitaji kungoja London ipone.

Vyuo vyetu navyo vimejipanga. Maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania zina umoja wao, COTUL, unaojadiliana na wachapishaji kwa sauti moja. Mipango ya Research4Life, iliyoanza na HINARI ya tiba mwaka 2002 na kufuatiwa na AGORA ya kilimo, imefungua maelfu ya majarida kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo. Lakini mlango hufunguliwa kwa taasisi iliyosajiliwa. Mwalimu wa sekondari au sheha hana pa kuingilia.

Pemba imeshaonja kurudishiwa chake. Mwaka 2011 mashairi ya Kamange na Sarahani, mabingwa wa Pemba wa karne ya kumi na tisa na mwanzo wa ya ishirini, yalitoka Dar es Salaam katika kitabu kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla, baada ya kukusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy. Baraza la Kiswahili la Zanzibar nalo limetoa kamusi ya Kipemba. Vitabu hivi viwili vinasomeka na mtu yeyote wa Kiuyu bila namba ya siri.

Kinachokosekana ni orodha. Hakuna mahali pamoja ambapo mtu wa Pemba anaweza kuona, kwa Kiswahili, kwamba hati ile iko Kilimani, filamu ile Dar es Salaam, mswada ule SOAS, ripoti ile Mombasa. Habari hizo zipo, ila zimetawanyika katika katalogi za lugha tatu au nne, na wakutubi wanaozijua wako hai na wanaandikiana. Orodha hiyo ingeweza kukaa katika maktaba ya Chake Chake, kwenye kompyuta moja yenye nakala zote zinazoruhusiwa kutolewa, isiyotegemea mtandao siku umeme au laini inapokatika. Iandikwe kwa majina ya vijiji, ili anayetoka Kiuyu Mbuyuni atafute Kiuyu Mbuyuni, na kila hati itaje aliyeisimulia au kuinakili kabla ya aliyeichukua. Na pawepo mkutubi wa kupokea swali la mkulima wa mwani, alipeleke Zanzibar au Mombasa, na jibu lirudi kwa lugha aliyoulizia.