Soya Inachukua Nafasi ya Nini? Uendelevu wa Nyama ya Mimea Kitale na Bungoma

Mjadala wa kimataifa kuhusu nyama ya mimea umejengwa juu ya mlaji ambaye ni nadra kumkuta Bungoma: mtu alaye nyama ya ng'ombe karibu kila siku, na ambaye tatizo lake ni jinsi ya kuipunguza. Kampuni za Marekani za Beyond Meat, iliyoanzishwa 2009, na Impossible Foods, iliyoanza 2011, zilimlenga yeye. Takwimu zilikuwa upande wao. Utafiti wa Joseph Poore na Thomas Nemecek, uliochapishwa 2018 katika jarida la Science kutokana na data za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119, ulionyesha kwamba gramu 100 za protini ya ng'ombe wafugwao kwa ajili ya nyama huambatana, kwa wastani, na kilo 50 za gesi joto. Kiasi hichohicho cha protini ya tofu huambatana na kilo 2. Mbele ya hesabu hiyo mlaji wa baga hana pa kujitetea.

Matatizo huanza pale hoja hiyo inaposafirishwa mzimamzima hadi kwenye rafu za maduka ya Kitale. Chakula kipya huwa na faida au hasara kwa mazingira kulingana na chakula kinachokiondoa mezani. Katika utafiti uleule wa Poore na Nemecek, jamii ya kunde, maharagwe na dengu huambatana na kilo 0.8 tu kwa gramu 100 za protini, yaani chini ya nusu ya tofu. Ikiwa familia ya Kimilili, Bungoma, inaacha maharagwe ili kununua vipande vya soya, basi gesi joto imeongezeka, hata kama maandishi ya pakiti yanasifu mazingira. Nadai kwamba hilo ndilo linaloelekea kutokea, na kwamba uendelevu wa nyama ya mimea katika Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, na Bungoma hauwezi kukopwa kutoka kwa hesabu za baga. Utapatikana, ukipatikana, jikoni kwenye kuni na shambani katika msimu wa mvua fupi.

Nyama ya mimea ninayoizungumzia hapa si baga iliyogandishwa. Ni vile vipande vikavu vya soya vinavyouzwa kwa pakiti ndogo, Sossi ya kampuni ya Promasidor ikiwa miongoni mwa vinavyofahamika nchini. Teknolojia yake si ngeni: kampuni ya Archer Daniels Midland ya Marekani iliikuza katika miaka ya 1960. Soya hukamuliwa mafuta kwanza, mara nyingi kwa kiyeyushi cha heksani. Unga unaobaki, ambao karibu nusu yake ni protini, hukandwa kwa maji, joto na shinikizo ndani ya mashine, kisha husukumwa nje kupitia tundu dogo. Ukitoka hufura ghafla na kupata nyuzinyuzi. Bidhaa hii haihitaji friji dukani wala njiani, na kwa nchi ambayo karibu asilimia 90 ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, hatua ya kiwandani si mzigo mkubwa kwa hewa kama ingekuwa katika nchi itegemeayo makaa ya mawe.

Wala wazo la kula mmea mahali pa nyama halikuja na pakiti. Machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa mchuzi wa karanga, ni chakula cha heshima kwa Wamasaaba wa Mbale nchini Uganda, ambao huyaita malewa, na jamaa zao wa upande wa Bungoma wanayajua vizuri. Uyoga wa kwenye vichuguu umekuwa mboga tangu jadi. Kwa hiyo anayesema kwamba watu wa huku hawawezi kuheshimu chakula kisichotoka kwa mnyama hajakaa nao.

Ila nyama ina mahali pake, na mahali hapo si pa kila siku. Katika msimu wa tohara wa Wabukusu, Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mtahiriwa huenda kwa mjomba wake wa upande wa mama, khocha, na huko huvikwa luliki, kipande cha nyama ya kidari cha fahali aliyechinjwa. Hakuna pakiti ya soya itakayovaliwa shingoni. Siku nyingine za mwaka, mteja wa buchari huagiza robo kilo kwa nyumba nzima, akaiongezea sukuma wiki na nyanya. Huyu hana nyama nyingi ya kupunguza, na kumhubiria aipunguze ni kumbebesha deni la mtu mwingine.

Hata huyo ng'ombe mwenyewe si yule wa takwimu za kimataifa. Sehemu ya mifugo inayochinjwa Kitale hutoka West Pokot, kupitia minada kama wa Chepareria, na imekulia kwenye nyika ambako soya haiwezi kustawi. Ng'ombe wa Bungoma hula mabua ya mahindi na nyasi za kando ya njia, huvuta plau, na samadi yake hurudi shambani. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI waliopima ng'ombe wa wakulima wadogo wa Nyando, magharibi mwa Kenya, walichapisha 2018 matokeo yaliyoonyesha kwamba kwa jumla methani kwa kila ng'ombe ilikuwa chini ya viwango vya kukadiria vya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC. Sisemi ng'ombe hana lawama. Kwa sababu hutoa maziwa na nyama kidogo, methani yake ikigawanywa kwa kila kilo ya chakula huwa nyingi. Lakini ukiondoa maksai, samadi na akiba ya ada ya shule katika hesabu, umempima mnyama ambaye hayupo.

Mshindani halisi wa soya ni kuku. Simaanishi kuku wa kienyeji, anayejitafutia na ambaye Waluhya wamemfanya kuwa kipimo cha ukarimu, bali broila na kuku wa mayai wa gredi, wanaoongezeka pembezoni mwa miji. Protini ya chakula chao hutegemea sana mashudu ya soya, na Kenya, ambayo hulima soya kidogo mno, huagiza kutoka Uganda, Malawi, Zambia na kwingineko. Hesabu za Marekani zilizochapishwa 2016 zilikadiria kwamba karibu sehemu moja tu ya tano ya protini anayolishwa kuku hurudi kama protini ya kuliwa na binadamu. Hapo hoja ya nyama ya mimea ina nguvu: soya ileile ikienda moja kwa moja kwenye sufuria ingelisha watu wengi zaidi. Kama mtaalamu wa lishe wa Kitale anataka kuipigia debe soya, aiweke mbele ya mnunuzi wa broila. Mla maharagwe amwache.

Isipokuwa kwa jambo moja, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko methani ya ng'ombe: kuni.

Maharagwe makavu ambayo hayakulowekwa huchemka saa mbili, pengine tatu. Katika nyumba inayopikia mafiga matatu huo ni mzigo wa kuni, na katika shule ya bweni inayopika githeri kwa masufuria makubwa ni lori. Kuni hizo hutoka kwenye mashamba ya mikaratusi, kwenye kingo za mito, na mara nyingine kwenye misitu ya Elgon na Cherangany, inakoanzia Nzoia, mto unaopita katika kaunti zote mbili kabla ya kufika Ziwa Viktoria. Serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, ikaiondoa Julai 2023. Muda wote huo jikoni hakukusitishwa chochote. Vipande vya soya, ambavyo tayari vimeiva kiwandani, hulowekwa kwenye maji moto na kuwa mboga ndani ya nusu saa. Tofauti ya 0.8 na 2 niliyoitaja mapema huhesabu mpaka dukani tu. Moto wa jikoni haumo, na ukiingizwa, soya inaweza kabisa kushinda. Hii ndiyo hoja bora ya kuitetea nyama ya soya katika eneo hili, na inashangaza kwamba wauzaji wake hawaitumii.

Hata hivyo hoja hiyo ina mpinzani wa nyumbani. Taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, ilitoa 2017 aina mpya za maharagwe yenye madini mengi ya chuma, miongoni mwao Nyota, ambayo huiva haraka kuliko aina za zamani. Wakulima wa Migori walioacha tumbaku kupitia mradi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa wamelima maharagwe ya aina hiyo, na Bungoma, ambayo nayo imelima tumbaku kwa muda mrefu katika maeneo kama Malakisi, ina sababu zote za kuwatazama. Kuloweka usiku kucha, aina zinazoiva upesi na jiko la kisasa huweza kupunguza sehemu kubwa ya pengo la kuni bila kujenga kiwanda chochote. Anayetaka kuwekeza kwenye soya athibitishe kwamba anashinda hilo, asishindane na maharagwe yaliyopikwa vibaya.

Turudi shambani, maana huko ndiko Kitale na Bungoma zinapoachana. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi. Kenya Seed ilianzishwa Kitale 1956, na mahindi chotara ya H611, matunda ya utafiti wa hapohapo, yalitolewa 1964. Mbegu za jamii ya H6 hukaa shambani miezi sita au zaidi, na mvua ya Kitale ni ya msimu mmoja mrefu. Mkulima akipanda soya Aprili ameacha mahindi ya mwaka mzima. Hataacha, na sioni kwa nini aache: kwa mahindi ana ghala la bodi ya nafaka, NCPB, ana mnunuzi na anajua bei itakavyomvunja moyo, soya haina hata hilo la mwisho.

Bungoma kuna nafasi nyingine. Maeneo yake ya chini hupata mvua fupi baada ya mavuno ya Agosti, na aina nyingi za soya hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Hapo soya haimng'oi mtu. Inakalia ardhi ambayo ingeota magugu. Zaidi ya hayo, hufanya kazi udongoni. Watafiti wa taasisi ya kilimo ya IITA nchini Nigeria walizalisha aina za TGx zinazoweza kushirikiana na bakteria waliomo tayari katika udongo wa Afrika ili kuvuta naitrojeni hewani, na katika miaka ya 2000 aina hizo zilijaribiwa magharibi mwa Kenya. Kwa aina nyingine mkulima huchanganya mbegu na Biofix, bakteria wanaouzwa na kampuni ya MEA ya Nakuru. Mizizi ya soya pia huichochea mbegu ya kiduha, gugu linalonyonya mahindi, iote bila kupata mmea wa kunyonya, ikafa. Kwa udongo uliochoshwa na asidi, mbolea ya DAP ikimwagwa mwaka baada ya mwaka, hiyo ni huduma ambayo hakuna pakiti iliyoagizwa kutoka nje inayoweza kuitoa. Mazao mseto pia ni bima: katika miaka ya 1990 ugonjwa wa kuoza mizizi uliangusha maharagwe ya eneo hili, hadi kituo cha utafiti cha Kakamega kilipotoa aina zinazostahimili kama KK8 na KK15.

Njia za kumfikia mkulima zipo. Shirika la One Acre Fund lilianzia Bungoma 2006 likikopesha mbegu na mbolea. Kinachokosekana ni mnunuzi wa karibu. Kiwanda kikubwa cha mafuta cha Bidco kiko Thika, karibu kilomita 400, na kusafirisha gunia huko ili vipande virudi vikiwa na bei ya mjini ni mzunguko usiomfaidi mkulima wala mlaji. Mashine ndogo ya kukamua na kufinyanga inaweza kuwekwa Webuye, mji ambao tangu kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa 2009 unajua maana ya viwanda kuondoka.

Kuna onyo moja ambalo watetezi wa mimea hulipita haraka. Kati ya 1998 na 2000, katika shule 12 za Embu, watoto waliogawiwa katika makundi walipewa githeri yenye nyama, githeri na maziwa, githeri iliyoongezwa mafuta, au hawakupewa chakula. Waliopata nyama walifanya vizuri zaidi katika jaribio la kufikiri la Raven. Soya haina vitamini B12 isipoongezwa kiwandani. Mtoto wa Bungoma anahitaji yai, omena au kipande cha nyama, na sera yoyote inayotaka kumwondolea vitu hivyo kwa jina la tabianchi ningeipinga bila kusita. Soya ipewe wanafunzi wakubwa wa bweni, hoteli na nyumba zinazonunua broila. Mtoto mdogo aachiwe yai lake.

Mipango ya maendeleo ya kaunti ya 2023 hadi 2027 inaelekea ukingoni, na inayofuata itaandikwa kwa mikutano ya umma, kama Ibara ya 196 ya Katiba inavyoyataka mabunge ya kaunti yawashirikishe wananchi. Msomaji wa Bungoma, nenda kwenye kikao cha wadi yako uulize mambo matatu: soya ya mvua fupi itakaushwa wapi, nani ataikamua, na shule za kaunti zitainunua kwa bei gani. Na wa Kitale aulize ni lini shule zitapata maharagwe yanayoiva upesi na jiko lisilokula lori la kuni.