Bolti inayotupwa ingali inang'aa

Wasomaji, leo tuiweke PHP kando kidogo. Nina swali: kwa nini fundi wa helikopta hutupa bolti ambayo kwa macho haina kasoro yoyote?

Jibu linaanzia relini. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya garimoshi ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na watu zaidi ya 50 wakafa. Baadaye, kuanzia miaka ya 1850 hadi 1870, mhandisi Mjerumani August Wöhler alizizungusha ekseli kwenye mitambo yake hadi zikatike. Akagundua kwamba mzigo ambao chuma hubeba mara moja bila shida, ukirudiwa mamilioni ya mara, hukivunja. (Kwangu mimi huyu ndiye baba wa majaribio ya mzigo tunayofanyia seva.)

Sasa piga hesabu na Robinson R22, helikopta ndogo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1979. Rota yake kuu huzunguka kama mara 530 kwa dakika, yaani 31,800 kwa saa. Hufumuliwa na kukarabatiwa upya ikifikisha saa 2,200, au miaka 12. Saa hizo ni mizunguko karibu milioni 70! Na katika kila mzunguko mzigo wa panga hupanda na kushuka.

Linalonishangaza ni hili: bolti iliyolegea ndiyo inayochoka haraka. Ikikazwa sawasawa hujivuta mapema na kubana vipande, navyo vikabeba sehemu kubwa ya mtikisiko. Ikilegea, mtikisiko wote ni wake. Ndiyo maana fundi hutumia spana yenye kipimo, hakisii kwa mkono.

Na nyufa je? Mafundi wa reli walichovya chuma kwenye mafuta, wakakifuta, wakakipaka chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakatokeza doa. Miaka ya 1940 ndugu Robert na Joseph Switzer wa Marekani walileta rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Vyuma vya sumaku navyo hunyunyiziwa unga wa chuma, ukajikusanya penye ufa.

Tatizo ni kwamba ufa huishi sehemu kubwa ya maisha yake ukiwa mdogo mno kuonekana, kisha hukimbia ghafla. Kwa hiyo vipande nyeti huhesabiwa saa zake kwenye daftari. Zikiisha, hutolewa vikaharibiwa makusudi, visije vikauzwa tena kama spea.