Ndiye au siye? Uwili na umoja katika falsafa ya Kihindu

Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa kwenye chanzo cha Mto Nile mjini Jinja, takriban kilomita 80 mashariki ya Kampala. Wageni wanaofika hapo huitazama sanamu yake iliyozinduliwa mwaka 1997, wakapiga picha na kuondoka. Hata hivyo, mahali hapo panaibua swali ambalo wanafalsafa wa Kihindu wamelijadili kwa zaidi ya miaka elfu moja: nafsi ikombolewapo, je, huwa kitu kimoja na Mungu, au hubaki nafsi, ikimwabudu milele?

Shankara, aliyeishi kusini mwa India yapata karne ya 8, ndiye mfafanuzi mashuhuri wa Advaita, yaani mafundisho yasiyokubali uwili. Kwake, uhalisi ni mmoja tu, Brahman, na nafsi ya kila mtu haitofautiani nao. Tofauti tunazoziona zatokana na kutojua, mithili ya mtu anayeona kamba gizani akadhani ni nyoka. Mswahili anayekumbuka methali ya aliyeumwa na nyoka kuogopa ung'ongo hataona mfano huo kuwa mgeni, ila Shankara anaupeleka mbali zaidi: taa ikiwashwa, nyoka hakukimbia; hakuwapo tangu mwanzo. Kwa hiyo ukombozi hupatikana kwa maarifa.

Madhva, wa karne ya 13 huko Udupi, aliyakataa hayo kabisa. Shule yake, Dvaita, yafundisha kwamba Mungu, nafsi na maada ni vitu mbalimbali kweli, na kwamba hata nafsi moja si nafsi nyingine. Mgogoro wenyewe ulifika hadi kwenye herufi. Katika Upanishadi ya Chandogya baba anamfundisha mwanawe kwa tamko fupi, ambalo wafuasi wa Shankara hulisoma kuwa linamwambia kijana kwamba yeye ndiye uhalisi ule. Kwa kuwa maneno ya Kisanskriti huunganishwa yanapotamkwa, Madhva aliyatenganisha kwa namna nyingine, ikajitokeza sauti moja ya ukanushi: yeye siye. Wapinzani wake waliona amelilazimisha andiko. Lakini hoja iliyo nyuma ya usomaji huo si nyepesi, kwani ikiwa mja na Mola ni kitu kimoja, ni nani anayemwabudu nani?

Uwili huu usichanganywe na ule wa Sankhya, shule ya kale zaidi, inayotenganisha roho na maumbile na ambayo katika maandishi yake ya kale haimtegemei Mungu muumba. Kati ya Shankara na Madhva yuko pia Ramanuja, wa karne za 11 na 12, aliyefundisha kwamba nafsi na ulimwengu ni kama mwili wa Mungu: haviwezi kutengana naye, wala si yeye.

Jijini Kampala tofauti hizi hazionekani kwa urahisi kwa mpita njia. Arya Samaj, jumuiya iliyoasisiwa na Dayananda Saraswati mwaka 1875, haiabudu sanamu, na hufundisha kwamba Mungu, nafsi na maada vyote ni vya milele. Waumini wa Swaminarayan wa tawi la BAPS hutaja vitu vitano vya milele, na kwao aliyekombolewa hubaki mja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka, wenye kusema ndiye na wenye kusema siye walifukuzwa pamoja.

Gandhi mwenyewe alijitambulisha kuwa mfuasi wa Advaita, huku akisema kwamba aliweza kuiunga mkono Dvaita pia. Wafuasi wa Madhva wasingemkubalia kirahisi: maji yakimiminwa katika maji, wao husema, kiasi huongezeka, hivyo yale ya kwanza na yale ya pili bado ni mawili.