Mlezi wa kambo (Uingereza)
Mlezi wa kambo nchini Uingereza hupokea nyumbani kwake mtoto asiyeweza kuishi na wazazi wake. Kwa kawaida lazima awe ametimiza miaka 21, awe mkazi au awe na kibali cha kuishi huko bila kikomo, na aweze kumtunza mtoto, mara nyingi kutwa nzima. Kutokuwa na ndoa au kuishi nyumba ya kupanga si kizuizi. Kinachohitajika kwa kawaida ni chumba cha ziada. Mchujo wenyewe ni mkali, na ndivyo unavyostahili kuwa: afisa ustawi wa jamii humtembelea mwombaji mara kadhaa, huzungumza na watoto wake, na rekodi zake za polisi na afya hukaguliwa. Akiidhinishwa, hutathminiwa upya kila mwaka.